Mali Itembeayo na Mali Isiyotembea

Mtu atokaye Kericho na kushika njia ya kusini huianza safari yake katikati ya chai. Kwa maili nyingi macho yake hayaoni kitu ila majani yale yaliyokatwa sawasawa kama mkeka uliotandikwa juu ya vilima. Akipita Litein na kufika Kaplong, chai yaanza kuchanganyika na mahindi. Akiisha kuiacha barabara kuu na kuifuata njia ya Sigor, chai imekwisha kabisa. Nchi imeshuka, mvua imepungua, na mahali pa chai pameshikwa na nyasi, migunga, mahindi na ng'ombe. Huko ndiko Chebunyo, katika Chepalungu, upande wa kusini wa kaunti ya Bomet, karibu na mpaka wa nchi ya Wamaasai.

Msomaji wangu, vitabu vingi vimeandikwa juu ya chai ya Kericho, wala si ajabu, kwani chai huleta fedha nyingi, na penye fedha wino haukosi. Katika insha hii nataka tuiweke chai kando kidogo, tutazame jambo ambalo waandishi wengi hulipita mbio: mtu wa kawaida wa nchi ya Wakipsigis alikuwa na mali gani, aliipataje, alimwachia nani, na jinsi mali hiyo ilivyobadilika umbo katika umri wa mtu mmoja. Ukisimama leo katika soko la Chebunyo, kila upande utazamapo waona nyua: ua wa mkonge, ua wa miiba, ua wa waya. Hulaumiwi ukidhani kwamba nyua hizo zilikuwako tangu nchi kuumbwa. Lakini mtoto aliyezaliwa katika nchi ya Wakipsigis mwaka 1910 alikua bila kuona ua wa kudumu wa kumtenga jirani na jirani. Na alipofika umri wa miaka hamsini, karibu nchi yote ilikuwa imekwisha kukatwa vipande, kila kipande na mwenyewe.

Kwanza yatupasa tuelewane juu ya neno kijiji, maana laweza kutupoteza. Mtu wa pwani akisikia kijiji, machoni pake hujengeka nyumba zilizokaribiana, msikiti, kisima, na njia ipitayo katikati. Wakipsigis hawakujenga hivyo. Kila mzee alijenga mji wake peke yake juu ya mgongo wa kilima, mbali kidogo na jirani yake, na miji kadhaa ya ujirani mmoja ndiyo iliyofanya kokwet. Kokwet ilikuwa ni watu zaidi kuliko mahali. Ilikuwa na mzee wake, boiyot ab kokwet, ambaye hakuwa mtawala. Hakuwa na askari, wala kodi, wala kiti cha enzi, kwani Wakipsigis hawakuwa na mfalme. Watu walikaa chini ya mti wakasema shauri lao mpaka likaisha, na yeye akalifunga kwa maneno ambayo kila mmoja angeweza kuyakubali. Mtu aliyekataa maneno hayo hakufungwa gerezani, alinyimwa msaada. Na katika nchi ambayo nyumba haikujengwa wala wimbi halikuvunwa bila mikono ya jirani, kunyimwa msaada kulikuwa adhabu kubwa.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba majirani wa kokwet moja hawakuwa wa ukoo mmoja. Ukoo, ambao kwa lugha yao huitwa oret, ulikuwa umetawanyika nchi nzima. Hapo Wakipsigis walitofautiana na Wakikuyu, ambao ukoo wao, mbari, ulikuwa na ardhi yake ijulikanayo mipaka. Kwa Mkipsigis ukoo ulimwambia asioe wapi. Haukumwambia alime wapi. Aliyehama kutoka kilima hiki kwenda kilima kile aliomba ruhusa kwa wazee wa kokwet ya huko, na akiwa si mtu mbaya alipewa mahali pa kujenga.

Basi mali ilikuwa nini? Mali ilikuwa ng'ombe, na mbuzi na kondoo baada yao. Nyama ililiwa kwa nadra. Maziwa yalitiwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti uitwao senetwet, yakawa mursik, chakula cha mwenyeji na heshima ya mgeni. Ngozi ilikuwa kitanda na nguo. Lakini kazi kubwa ya ng'ombe haikuwa ya tumbo. Ng'ombe ndiye aliyeunganisha mtu na mtu. Kwa ng'ombe ndoa ilifungwa, damu iliyomwagika ililipwa, na urafiki ulithibitishwa.

Wala usidhani kwamba ng'ombe wote wa mzee walikuwa wake kufanya apendavyo. Hapa, msomaji, tulia kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo likieleweka mengine yote yafuata. Tuseme mzee mmoja ana wake wawili. Kila mke ana nyumba yake, ghala yake ya wimbi, na ng'ombe wake aliotengewa. Mke wa kwanza akizaa binti, na binti huyo akaolewa, ng'ombe wa mahari yake waingia katika nyumba ya mama yake, nao wangoja mpaka ndugu yake wa tumbo moja atakapotaka kuoa. Mzee hana ruhusa ya kuwachukua ng'ombe hao akamwoze mwana wa nyumba ya pili. Akiwachukua kwa shida, ni deni la nyumba kwa nyumba, na deni hilo halifi pamoja naye. Wajukuu waliweza kusimama mbele ya kokwet wakamtaja ng'ombe kwa rangi yake na pembe zake, aliyetolewa nyumba hii akapelekwa nyumba ile kabla wao hawajazaliwa, wakadai mbegu yake. Hapakuwa na daftari; palikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu ya mfugaji juu ya ng'ombe si jambo la kufanyia mzaha.

Mzee alipokufa, mali yake iligawanywa kwa nyumba, si kwa vichwa. Nyumba yenye mwana mmoja ilipata sehemu sawa na nyumba yenye wana sita. Na nyumba isiyokuwa na mwana wa kiume haikuachwa izimike. Mwanamke mzee asiyejaliwa mwana wa kiume aliweza kumwoa msichana kwa ng'ombe wa nyumba yake mwenyewe. Wana waliozaliwa na msichana huyo walihesabiwa kuwa wa nyumba hiyo, wakairithi. Wageni wengi wameisikia desturi hii na kuicheka. Hawakutambua kwamba ilikuwa sheria ya mali: nyumba ya mwanamke ilikuwa na mali yake, na mali hiyo ilikuwa na haki ya kupata mrithi.

Kisha palikuwa na kimanagan. Mtu mwenye ng'ombe ishirini hakuwaweka wote zizini mwake. Aliwatoa wengine, mmoja huku, wawili kule, akawakabidhi marafiki waliokaa mbali. Rafiki aliwachunga, akanywa maziwa yao. Ng'ombe na ndama wake wakabaki kuwa wa mwenyewe. Faida zake zilikuwa nyingi. Ugonjwa ukiingia kilima kimoja haukuwamaliza wote. Maadui wakivamia usiku hawakuzoa mali yote ya mtu. Tena maskini asiyekuwa na ng'ombe aliweza kunyonyesha watoto wake maziwa kwa ng'ombe wa mwingine, bila kuitwa mwombaji. Na pengine, nasema kwa kunong'ona, tajiri alipenda pia kwamba jirani zake wasijue hesabu kamili ya mali yake. Kwa hiyo mgeni aliyetazama zizi la mtu hakujua kama mtu huyo ni tajiri au maskini. Zizi lililojaa laweza kuwa limejaa ng'ombe wa watu, na mwenye zizi tupu aweza kuwa na ng'ombe katika kila bonde mpaka Sotik. Utajiri wake ulikuwa hauonekani kwa macho. Ulikuwa katika vinywa vya watu waliomkumbuka.

Vijana nao walikuwa na kazi yao katika mpango huo. Ng'ombe wengi walipelekwa katika kambi za malisho zilizoitwa kaptich, mbali na miji, penye nyasi nyingi, na huko vijana waliwalinda. Nchi za chini kama hizi za Chepalungu, zilizopakana na Wamaasai, zilifaa kwa malisho lakini zilikuwa za hatari. Mwenye kulala huko alilala na mkuki karibu.

Na ardhi? Ardhi haikuwa mali kwa maana hiyo. Mtu alifyeka kipande, akapanda wimbi, na muda alipokuwa akikilima kilikuwa chake. Hakuna aliyeweza kumtoa. Udongo ulipochoka alikiacha, kikarudi kuwa nyasi, na nyasi zilikuwa za kila ng'ombe. Maji hayakuwa ya mtu. Mahali penye udongo wa chumvi, ambapo ng'ombe hupelekwa kulamba, hapakuwa pa mtu. Njia ya kupitia ng'ombe kwenda mtoni haikuzibwa na yeyote. Kuuza ardhi lilikuwa neno lisilo na maana, kama mtu kukuambia leo kwamba anauza kivuli cha jioni.

Si kila watu wa nyumba na ng'ombe au nyumba na mashamba waliupanga urithi wao hivyo. Katika kisiwa cha Sumatra, nchi ya Indonesia, wako watu waitwao Minangkabau, Waislamu, ambao mashamba yao ya mpunga na nyumba zao kubwa za ukoo hurithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mwanamume aoaye huenda kuishi katika nyumba ya mkewe. Watu hao na Wakipsigis wangekutana wangestaajabiana sana. Lakini nadhani wangeelewana katika jambo moja, kwamba mali ni ya nyumba kwanza kabla ya kuwa ya mtu.

Sasa tuje kwenye mabadiliko. Habari za kuingia kwa Waingereza mmezisoma kwingineko, nami sitazirudia zote. Mwaka 1905 serikali ilipeleka jeshi kuwapiga watu wa Sotik kwa sababu ya ng'ombe walionyang'anywa Wamaasai. Watu wengi waliuawa na mifugo mingi ikachukuliwa. Baada ya hapo sehemu ya nchi iliyopakana na Wagusii ilikatwa ikawa mashamba ya walowezi. Mwaka 1919 ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho zilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa katika Vita Kuu, wapate kulima kitani. Kitani kiliwashinda, na katika miaka ya 1924 na 1925 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaingia na chai. Wakipsigis walibakiwa na eneo walilowekewa mipaka, likaitwa hifadhi ya wenyeji. Mwaka 1934 watu wa ukoo wa Talai, ambao miongoni mwao walitoka waganga wakuu waliotiiwa na wengi, walitungiwa sheria ya pekee na kuhamishwa kwa nguvu mpaka Gwassi, kando ya ziwa Viktoria.

Mengi ya hayo yalifanywa na wageni. Lakini ua, msomaji, haukupigwa na mgeni. Sheria ya kikoloni haikumpa Mkipsigis hati ya kipande chake ndani ya hifadhi; machoni pa sheria hiyo ardhi ya hifadhi haikuwa ya mtu mmoja mmoja kamwe. Aliyepanda mkonge kuzunguka shamba lake alifanya hivyo bila kuamriwa, na bila karatasi ya kumlinda. Alifanya kwa nini?

Jibu laanza na mahindi. Mashamba ya chai yalijaa vibarua, na vibarua walitaka posho. Hapo mahindi yakapata soko mlangoni. Jembe la kukokotwa na ng'ombe likaingia. Mmoja wa walioanza kulifundisha alikuwa Mmarekani Willis Hotchkiss, aliyefungua misheni ya kazi za mikono huko Lumbwa, siku hizi Kipkelion, mapema katika karne ya 20. Vinu vya kusagia vilivyozungushwa na maji vikajengwa kando ya vijito. Yule ng'ombe dume aliyekuwa hana kazi ila kungoja mahari au kuchinjwa sasa akavishwa nira. Mtu mwenye jembe la kukokota hakulima tena kijishamba cha wimbi. Alilima ekari tano, ekari kumi, akauza magunia. Na wimbi laweza kuhamahama, lakini mtu aliyeng'oa visiki katika ekari kumi hapendi kuhama. Tena mavuno yakiisha, kwa desturi, ng'ombe wa kila mtu waliingia kula mabua. Mwenye shamba kubwa akaanza kujiuliza: mabua haya ni yangu au ni ya nchi? Siku alipojibu kwamba ni yake, ua ulikuwa umekwisha kuota moyoni mwake kabla haujapandwa ardhini.

Nyua zilianza kuenea katika miaka ya 1930, zaidi upande wa juu karibu na chai, kisha zikateremka kusini. Wazee wa kokwet walijaribu kuziongoza. Waliwaambia watu waache njia ya ng'ombe, waache maji, waache mahali pa chumvi. Mara nyingi walisikilizwa. Lakini palikuwa na mbio, na mbio hazina adabu: kila aliyeona jirani amepiga ua aliogopa kuchelewa, akapiga wa kwake, na aliyekuwa na ng'ombe wengi na wake wengi na wana wenye nguvu alizungushia eneo kubwa kuliko mjane aliyekaa upande wa pili wa kijito. Hata kufikia katikati ya miaka ya 1950, sehemu kubwa ya nchi ya Wakipsigis ilikuwa imefungwa. Mwaka 1954 serikali ilipotangaza mpango wa Swynnerton, wa kuwapa wakulima Waafrika ardhi iliyopimwa na hati, katika nchi ya Wakikuyu kazi hiyo ilifanywa kwa shida na kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari, kwa kukusanya vipande vilivyotawanyika. Kwa Wakipsigis hapakuwa na mengi ya kukusanya. Wapima ardhi walikuta nyua zimekwisha kuota.

Huko Uingereza pia nchi iliyokuwa ya malisho ya wote ilifungwa, hasa katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Lakini huko wenye mashamba makubwa waliliendea Bunge, likawatungia maelfu ya sheria za kufunga kijiji baada ya kijiji. Wakulima wadogo wengi walipoteza malisho yao, wakaenda mijini. Katika nchi ya Wakipsigis hapakuwa na Bunge la kuendewa, wala hapakuwa na mabwana wachache waliomiliki nchi. Karibu kila mwenye mji alipata kipande. Kwa maoni yangu tofauti hiyo ni kubwa, nayo yastahili kusemwa na watu wanaopenda kudhani kwamba mabadiliko yote ya nchi hizi yaliletwa na meli.

Faida zilionekana. Aliyepiga ua aliweza kuwaweka ng'ombe wa kizungu, ambao hawangestahimili kuchanganywa na ng'ombe wa kila mtu wenye kupe. Maziwa yakawa fedha. Kiwanda cha KCC kikajengwa Sotik. Baada ya uhuru wakulima wadogo wakapanda chai katika nchi za juu, wakisaidiwa na shirika la KTDA lililoundwa mwaka 1964. Watoto wakalipiwa ada za shule kwa maziwa na chai, na huenda wewe usomaye ni mjukuu wa mmoja wao.

Lakini itazame pia hasara, maana haikuandikwa katika daftari la kiwanda chochote. Kaptich zilikufa, kwa kuwa hapakuwa tena na nyasi zisizo na mwenyewe. Kimanagan ikadhoofika. Mtu mwenye ekari nane atapokeaje ng'ombe wawili wa rafiki, naye nyasi zake hazimtoshi? Zamani rafiki aliyeleta ng'ombe alileta zawadi. Sasa alileta mzigo. Hivyo ile kamba iliyomfunga tajiri na maskini ililegea, bila mtu kuikata na bila mtu kutangaza kwamba imelegea. Utajiri uliokuwa umefichwa katika mabonde ya watu ukaonekana wazi: kila mpita njia akaweza kuupima kwa hatua, kutoka kona hii ya ua mpaka kona ile.

Nchi za mpakani kama Chebunyo ziliyapata mambo haya baadaye kidogo kuliko Kericho, nazo ziliyapata kwa haraka. Katika nchi hiyo hiyo ya mpakani pana mahali paitwapo Abosi. Bibi Monique Borgerhoff Mulder, mtaalamu wa elimu ya watu, alikaa huko mapema katika miaka ya 1980 akazihesabu ndoa, mali na watoto. Alikuta kwamba Wakipsigis walianza kuhamia Abosi mnamo mwaka 1930, na kwamba waliotangulia katika miaka ishirini ya kwanza walijipatia ardhi nyingi kuliko waliofuata. Alikuta tena kwamba wasichana wa siku hizo waliolewa zaidi na wanaume ambao ardhi yao, ikigawanywa kwa idadi ya wake, ingempa mke mpya ekari nyingi. Mahari ya kawaida wakati wa uchunguzi wake ilikuwa kama ng'ombe sita, mbuzi sita na fedha kidogo. Angalia jambo hili vizuri. Mahari bado ililipwa kwa ng'ombe, kama zamani. Lakini jicho la wazazi wa msichana lilikuwa limekwisha kuhama kutoka zizini kwenda shambani. Walipokea mali itembeayo, wakachagua kwa kutazama mali isiyotembea.

Mwaka 1963 ilitungwa Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa. Kwa sheria hiyo, mtu aliyeandikwa jina lake katika daftari alikuwa mwenye ardhi kabisa. Na jina lililoandikwa, karibu kila mahali, lilikuwa la mwanamume mkuu wa mji. Nyumba ya mke wa kwanza, nyumba ya mke wa pili, ghala zao na sehemu zao, yote hayo yaliyokuwa yakijulikana na kulindwa na kokwet, hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Mzee ambaye baba yake hangeweza kutoa ng'ombe mmoja wa nyumba moja kuipa nyingine bila kuulizwa, yeye sasa aliweza kuuza shamba lote kwa kutia dole gumba. Uchungu huo ulisikika. Ndipo mabaraza ya kudhibiti ardhi, yaliyowekwa chini ya sheria ya mwaka 1967, yakawa na kawaida ya kumwuliza muuzaji kama mkewe na wanawe wanajua. Mengine yaliuliza kwa dhati, mengine yaliuliza kwa desturi tu.

Sasa tuijaribu hesabu. Tuseme mzee mmoja amekufa bila kuandika wasia, ameacha ekari 60, na wake zake watatu walitangulia kufa. Nyumba ya kwanza ina mwana mmoja na binti mmoja. Nyumba ya pili ina wana watano na mabinti watatu. Nyumba ya tatu ina wana wanne na binti mmoja. Kwa desturi kila nyumba yapata ekari 20. Mwana wa nyumba ya kwanza achukua 20 peke yake; wana wa nyumba ya pili wapata ekari nne kila mmoja; wa nyumba ya tatu wapata tano tano. Mabinti hawapati kitu, kwani yatazamiwa kwamba wamepata au watapata ardhi kwa waume zao. Desturi hiyo haikuwa na dhuluma kubwa wakati mali ilipokuwa ng'ombe, kwa maana ng'ombe huzaa, na mwenye wawili leo aweza kuwa na kumi baada ya miaka michache. Ardhi haizai. Ekari nne za mwana wa nyumba ya pili zitabaki nne mpaka mwisho wa dunia, na wanawe watazigawana.

Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haikuifuata desturi hiyo. Yasema kwamba mali ya mtu mwenye wake wengi igawanywe kwa nyumba kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai aongezwe katika hesabu. Nayo haikutenga mwana na binti. Katika mfano wetu watoto ni 15, basi kila mmoja apata ekari nne. Mwana pekee wa nyumba ya kwanza atalia, kwani ameshuka kutoka 20 hadi nne. Wana wa nyumba ya tatu watanung'unika kwa ekari moja. Lakini wana watano wa nyumba ya pili hawapotezi hata hatua moja: walikuwa na nne, wanazo nne, na dada zao watatu wamepata nne nne vilevile. Mara nyingi mwanamume apingaye urithi wa dada yake hajaifanya hesabu hii.

Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, ikikaa Eldoret, iliamua kesi ya familia moja ya Kikalenjin ambayo ndani yake wana wa kiume walidai sehemu kubwa kuliko dada zao, kwa hoja kwamba mabinti wataolewa. Mahakama ilikataa hoja hiyo, ikawapa mabinti sehemu sawa. Katiba ya mwaka 2010 ikaja kuthibitisha usawa wa mwanamume na mwanamke katika mali na ardhi. Katiba hiyo hiyo ilipunguza muda ambao mtu asiye raia aweza kukodi ardhi, kutoka miaka 999 ya siku za kikoloni hadi miaka 99, neno lililoyagusa mashamba ya chai moja kwa moja. Nao Wakipsigis na Watalai walioondolewa katika nchi hiyo ya chai wangali wakidai: mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba walidhulumiwa, na mwaka 2022 walipeleka malalamiko yao juu ya Uingereza mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Hayo ya mahakama za mbali huandikwa magazetini. Yaliyo karibu hayaandikwi. Mzee akifa leo Chebunyo na shamba likiwa katika jina lake, hatua ya kwanza ya warithi ni kwenda kwa chifu kuomba barua iwatajayo wote aliowaacha: wajane, wana, na mabinti, walioolewa na wasioolewa. Barua hiyo hupelekwa kortini, tangazo likatolewa katika Gazeti la Serikali, na siku 30 zikaachwa ili mwenye neno alete neno lake. Watu wengi hawalisomi gazeti hilo. Basi shauri lote la nyumba na nyumba, la ng'ombe wa rangi fulani aliyechukuliwa zamani, la mabua na nyua, hukusanyika katika karatasi moja juu ya meza ya chifu, na katika swali moja dogo aulizalo akiwa ameshika kalamu: ni nani mwingine? Walio mbele yake kwa kawaida ni ndugu wa kiume. Wakimtaja dada yao aliyeolewa Longisa au Narok, huandikwa. Wakinyamaza, ni juu yake yeye mwenyewe kwenda kortini kuomba hati hiyo ifutwe, na sheria yampa ruhusa.